Wauguzi wetu Uingereza: Daraja la tano hadi lini?

Na Mwandishi Wetu, Leicester

Mwezi uliopita nilihudhuria harusi ya vijana wetu katika ukumbi mmoja hapa Leicester. Meza niliyowekwa ilikuwa na kina mama sita, na watano kati yao ni wauguzi. Mwandishi wa habari ni mwandishi hata asipokuwa na kalamu mkononi, kwa hiyo pilau lilipopita na mazungumzo yakanoga, nikauliza: Jamani, kila mmoja wenu yuko daraja la ngapi?

Wakacheka. Wanne wakasema la tano. Mmoja, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, akasema la sita, tena kwa sauti ya chini kana kwamba anaomba radhi. Kati ya wale wanne yumo mama mwenye miaka kumi na moja hospitalini. Huyu ndiye ambaye wauguzi wapya wakikwama wodini humkimbilia, na madaktari vijana humuuliza usiku kabla ya kuthubutu kumwamsha daktari bingwa. Nikamuuliza kwa nini hajapanda. "Shemeji," akanijibu, "mimi namalizia nyumba Kigamboni. Ikiisha ndiyo nitafikiria mambo ya masomo." Nyumba hiyo aliianza mwaka 2016.

Ndugu msomaji, jibu lile lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu nalijua vizuri. Lilikuwa jibu la nyumbani kwangu pia. Ndiyo maana naandika makala haya. Mimi si mtaalamu wa afya. Ni mume wa muuguzi, na ni mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa sehemu ya kilichomzuia mkewe kupanda.

Tulivyoanza

Tulifika nchi hii mwaka 2018. Mimi nilikuwa nimeiacha meza yangu ya chumba cha habari kwa sababu ambazo wasomaji wa ukurasa huu wanazifahamu, na sina haja ya kuzirudia. Mke wangu alikuwa ameacha kazi ya uuguzi aliyoifanya kwa miaka tisa, akiwa na stashahada yake na leseni ya nyumbani. Tulipopata hati za ukimbizi na ruhusa ya kufanya kazi, sote wawili tuliishia mahali ambapo wengi wetu huishia, yaani katika nyumba ya kulea wazee. Yeye mchana, mimi usiku. Tulikuwa tukipishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo.

Yeye alijaribu kusajiliwa kama muuguzi. Kikwazo kikawa mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, ambalo hapa hujulikana kwa herufi zake NMC, linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mara mbili alipata yote isipokuwa kuandika, ambako alipata 6. Nusu alama tu. Mara ya pili alifunga vitabu, akaviweka juu ya kabati, akasema basi.

Na mimi, ninaona aibu kulisema, nilipumua. Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, kazi yangu haikuwa ya uhakika, na zamu mbili za ziada kila wiki alizoanza kuzifanya mke wangu baada ya kuacha kusoma zilikuwa zinalipa dawa za mama. Sikumwambia "usisome". Nilimuuliza tu kila Jumapili, "Wiki hii umepata zamu ngapi?" Swali hilo lilitosha.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2023

Februari 2023 NMC ililegeza utaratibu wake. Mtu aliyekosa kiwango cha Kiingereza kwa nusu alama katika sehemu moja tu, naye amefanya kazi katika sekta ya afya au malezi hapa Uingereza kwa muda usiopungua mwaka mmoja, anaweza kuungwa mkono na mwajiri wake kwa maandishi. Mke wangu alikuwa na zaidi ya miaka mitatu ya kazi. Habari hiyo hatukuipata ofisini wala kwenye tangazo lolote. Aliitaja muuguzi mmoja wa Kifilipino wakati wa chai, na mke wangu akarudi nyumbani akiteremsha vitabu kabatini.

Baada ya hapo zilibaki hatua mbili. Kwanza, mtihani wa kompyuta wenye hesabu za dawa na maswali ya kazi. Pili, mtihani wa vitendo uitwao OSCE, ambao mtahiniwa hupita vituo kumi, akipima mgonjwa, akipanga huduma, akitoa dawa, akieleza anachofanya huku anatazamwa. Mke wangu alianguka vituo viwili, akarudia, akafaulu. Mwaka 2024 jina lake liliingia kwenye rejista, akaajiriwa wodini, daraja la 5.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu wapo dada na kaka zetu wengi hapa ambao walikuwa wauguzi Tanga, Mombasa, Bujumbura au Bukavu, na leo ni mwaka wa saba wanabadilisha shuka katika nyumba za wazee wakiamini mlango ulishafungwa. Kazi ile si ya aibu, nimeifanya na naiheshimu. Lakini kama una leseni sandukuni, itoe uisome upya, na masharti ya sasa ya NMC uyasome mwenyewe, si ya kuhadithiwa na mtu aliyejaribu mwaka 2012.

Kwa asiyekuwa na taaluma hiyo, ipo njia nyingine. England ina ngazi ya muuguzi mshiriki, ambayo NMC ilianza kuisajili Januari 2019. Mafunzo yake ni miaka miwili, mara nyingi ukiwa kazini na unalipwa, na baada yake unaweza kuendelea hadi kuwa muuguzi kamili bila kuanza mwanzo. Ipo pia shahada ya kawaida ya miaka mitatu. Mwanafunzi wa uuguzi anayestahiki mkopo wa serikali anaweza kuomba pia msaada wa NHS wa paundi 5,000 kwa mwaka ambao haurudishwi. Mwenye hati ya ukimbizi hahitaji kungoja miaka mitatu ya ukaazi ili aombe mkopo wa masomo, jambo ambalo wengi wetu tumelijua kwa kuchelewa.

Ngazi yenyewe

Tangu mwaka 2004 wafanyakazi wa NHS, ukiacha madaktari na wakurugenzi wakuu, wamepangwa katika madaraja. Wasaidizi wa wodini wako la 2 na la 3. Muuguzi mshiriki yuko la 4. Muuguzi aliyesajiliwa anaanza la 5. Daraja la 6 ni la wauguzi wasimamizi wa zamu na wanaoanza ubingwa katika fani fulani. La 7 ni la mkuu wa wodi na muuguzi bingwa aliyekomaa. Muuguzi wa ngazi ya juu, anayempima mgonjwa, kuagiza vipimo, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, huwa la 7 au la 8a. Juu zaidi yupo muuguzi mshauri, cheo ambacho kimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa tutazame fedha, maana hapo ndipo penye siri ya meza yetu ya harusi. Kwa viwango vya England vya mwaka 2025/26, daraja la 5 linaanzia paundi 31,049 kwa mwaka, na kilele chake ni paundi 37,796. Kilele hicho kinafikiwa baada ya miaka minne. Ukishafika hapo, hata ukikaa miaka ishirini, mshahara wako hauongezeki kwa uzoefu. Unapata nyongeza ya jumla tu wanayopewa wote. Yule mama wa Kigamboni kwa miaka saba sasa analipwa mshahara wa msingi sawasawa na mtu mwenye miaka minne.

Daraja la 6 linaanzia paundi 38,682. Toa 37,796, inabaki paundi 886 kwa mwaka, kabla ya kodi. Tena hapo kuna mtego. Daraja la 5 wodini lina malipo ya ziada ya asilimia 30 kwa saa za usiku na za Jumamosi, na asilimia 60 kwa Jumapili na sikukuu. Kazi nyingi za ubingwa za daraja la 6, kwa mfano muuguzi wa kisukari au wa vidonda, ni za Jumatatu hadi Ijumaa, mchana. Kwa hiyo mtu anayeacha usiku na Jumapili za wodini akaenda daraja la 6 anaweza kukuta, mwezi wa kwanza, mshahara aliokwenda nao nyumbani umepungua.

Watu wetu si wajinga. Wanapiga hesabu hiyo vidoleni, wanaona hasara, wanabaki. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila wameipigia mwaka mmoja tu. Kilele cha daraja la 6, kinachofikiwa baada ya miaka mitano, ni paundi 46,580. Cha daraja la 7 ni 54,710. Cha 8a ni 62,682. Kati ya kilele cha la 5 na kilele cha la 7 kuna karibu paundi 17,000 kila mwaka, na hizo zinaingia pia katika hesabu ya pensheni. Zamu ya ziada inalipwa mara moja, lakini daraja linalipa kila mwezi mpaka ustaafu, na mgongo unalala usiku.

Ndiyo maana nasema mpango wa muuguzi si wa muuguzi peke yake. Ni mpango wa nyumba. Ile hatua ya kwanza, inayoonekana kama hasara, inahitaji mume, au mke, au dada aliye nyumbani anayesubiri fedha, aambiwe mapema: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani kitapungua kitu. Kama nyumba Kigamboni inabidi isimame mwaka mmoja kwenye linta, na isimame.

Kuchagua fani

Mwaka wa kwanza wa muuguzi mpya ni wa kujifunza kusimama. Lakini kuanzia mwaka wa pili inafaa ajiulize: ni wagonjwa gani ninaowaelewa kuliko wengine? Ni kazi gani ambayo zamu ikiisha sijachoka roho? Fani ni nyingi. Kuna wagonjwa mahututi, saratani, kisukari, figo, moyo, afya ya akili, watoto, wazee wenye maradhi ya kusahau, uuguzi wa mitaani na ugeni wa afya kwa kina mama wenye watoto wachanga. Kila moja ina kozi zake na mlango wake. Ni kosa kuchagua fani kwa sababu tu nafasi imetangazwa.

Tena tusione haya kuchagua kwa kuangalia tulikotoka. Elizabeth Anionwu alizaliwa Birmingham mwaka 1947, baba Mnigeria na mama wa asili ya Ireland. Alianza kazi katika NHS akiwa na miaka 16, kama msaidizi wa muuguzi wa shule. Baadaye aliona kwamba familia za Kiafrika na za Karibi zenye watoto wa selimundu hazina mtu wa kuzieleza ugonjwa huo, na kwamba yeye mwenyewe, muuguzi aliyehitimu, hakuwa amefundishwa. Kozi haikuwepo Uingereza, akaenda kujifunza Marekani. Mwaka 1979, huko Brent, London, akawa muuguzi bingwa wa kwanza wa selimundu nchini, katika kituo cha kwanza cha ushauri wa ugonjwa huo. Akafika kuwa profesa wa uuguzi, na mwaka 2017 akapewa heshima ya Dame.

Hakungoja fani itangazwe. Aliiona ndani ya familia zilizokuwa mbele yake. Na selimundu ni ugonjwa wetu pia, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, na Uganda na Kongo zinaujua vizuri. Muuguzi anayeweza kukaa na mama wa Kikongo aliyefika mwaka jana, akamweleza kwa Kiswahili kwa nini mtoto analia mifupa, ana kitu ambacho hakifundishwi darasani.

Karatasi zinazohitajika

Wengi wetu tuliosoma nyumbani tuna stashahada. Inatosha kusajiliwa, na inatosha daraja la 5. Lakini kozi za uzamili kwa kawaida zinataka shahada. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya darasani kwa wengi ni kujazia shahada, kozi ya mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, au zaidi kidogo kwa anayesoma huku anafanya kazi. Ni hatua inayochosha kwa sababu haikupandishi cheo papo hapo, lakini bila hiyo milango ya juu haifunguki.

Ya pili ni kuandika dawa. Tangu mwaka 2006 muuguzi aliyefuzu kozi kamili ya kuandika dawa anaweza kuandika karibu dawa yoyote iliyo ndani ya ujuzi wake, na mwaka 2012 zikaongezwa dawa kali zenye udhibiti maalumu. Zamani muuguzi alitakiwa awe na miaka mitatu kazini kabla ya kuomba kozi hiyo. Kwa kanuni za NMC za mwaka 2018 ni mwaka mmoja tangu asajiliwe, ingawa waajiri wengi hutaka uzoefu zaidi. Wengi wetu bado tunanukuu kanuni ya zamani.

Ya tatu ni uzamili wenyewe. Mwongozo wa England wa mwaka 2017 kuhusu kazi za ngazi ya juu ulitaka elimu ya kiwango cha uzamili na ulitaja nguzo nne: kumhudumia mgonjwa, uongozi, ufundishaji na utafiti. Watu wetu wana nguvu sana katika nguzo ya kwanza, na usailini wanaulizwa juu ya zote nne. Kuhusu muda, uzamili huu unaweza kuliwa vipande vipande. Alama 60 za masomo zinakupa cheti, 120 zinakupa stashahada ya uzamili, 180 shahada yenyewe. Mtu anaweza kuchukua somo moja kwa mwaka, mara nyingi kwa fedha za hospitali, akafika bila kuacha kazi.

Jambo moja la kuangalia: kwa miaka kadhaa wengi walisomea ngazi ya juu kupitia uanagenzi unaolipiwa na fedha za mafunzo za waajiri. Mei 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 fedha hizo kwa ngazi ya uzamili zingewekewa mpaka, zibaki kwa vijana wa chini ya miaka 22. Kwa hiyo aliyepanga kwa kutegemea njia iliyompandisha rafiki yake mwaka 2022 aulize kwanza kwa idara ya mafunzo ya hospitali yake ni fungu gani lililopo sasa.

Sisi tulifanya, mimi nilifanya

Nisije nikaonekana ninawalaumu watu wetu peke yao. Ubaguzi upo, na NHS yenyewe inaupima. Tangu mwaka 2015 kuna utaratibu wa kutoa takwimu za usawa wa rangi kazini, na kila mwaka takwimu hizo zimeonyesha kwamba kati ya walioitwa kwenye usaili, mtu mweupe ana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa kuliko mweusi au Mwasia, kwa takriban mara moja na nusu. Karibu robo ya waliomo katika rejista ya NMC walisomea nje ya Uingereza, lakini ukipanda juu sura hizo zinapungua. Yule mama wa Kigamboni aliniambia baadaye kwamba mwaka 2019 aliomba daraja la 6 mara mbili, na nafasi ikaenda kwa msichana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Baada ya hapo hakuomba tena.

Siwezi kumwambia kwamba alikosea kuumia. Ila kuna mambo mawili ambayo tumejifunza nyumbani kwangu kwa gharama.

La kwanza, tangazo la kazi hapa si barua ya mwaliko, ni karatasi ya mtihani iliyotolewa mapema. Kila tangazo lina orodha ya sifa za lazima na sifa za ziada, na wanaochambua maombi hutoa alama kwa kila sifa. Mtu anayeandika habari za maisha yake kwa ufasaha bila kujibu orodha hiyo, moja baada ya moja, anaachwa hata kama ni hodari. Mke wangu alipakua matangazo matatu ya daraja la 6 na mawili ya daraja la 7 ambayo hakuwa na nia ya kuyaomba. Akayabandika mlangoni mwa friji. Kila sifa aliyonayo akaipigia mstari wa kijani, asiyonayo mwekundu. Mistari myekundu ndiyo ikawa mpango wake wa mwaka: kusimamia wanafunzi, kufanya ukaguzi mmoja wa kumbukumbu za wodi, kozi fupi ya kisukari, siku mbili za kumfuata muuguzi bingwa kliniki. Alipokwenda kwenye mapitio yake ya kazi ya mwaka hakusema "ningependa kuendelea". Aliweka karatasi mezani, akaomba vitu vinne. Alipewa vitatu.

La pili ni la malezi yetu. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba mema ya mtu husemwa na wengine. Usailini mke wangu alikuwa anasema "sisi tulifanya", "tulimsaidia mgonjwa", "tulibadilisha utaratibu". Msaili wa Kiingereza anasikia kwamba huyu alikuwepo tu. Nilimfanyisha mazoezi jikoni, mimi niliyezoea kuhoji wanasiasa wasiotaka kujibu. Kila akisema "sisi" nilimkatiza. Alinikasirikia. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyegundua sukari yake inashuka alfajiri, mimi nikampigia daktari, mimi nikaandika." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kweli."

Kuna pia daftari ambalo kila muuguzi analazimika kuwa nalo. Tangu Aprili 2016 usajili huhuishwa kila miaka mitatu, kwa kuonyesha saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza, maoni matano ya watu kuhusu kazi yako na tafakuri tano zilizoandikwa. Wengi huyaandika usiku wa mwisho, kama mtoto aliyesahau kazi ya shule. Ukiyaandika kila mwezi, umeshapata nusu ya majibu ya usaili. Na ukikataliwa, omba maelezo ya alama zako kwa maandishi. Ukiona kinachojirudia si upungufu wako, nenda kwa chama cha wafanyakazi unachokilipia kila mwezi. Tunachangia RCN na Unison kama sadaka, hatuwatumii.

Na nyumbani je?

Kuna msomaji atakayeuliza: sisi tunapanda ngazi za Uingereza, hospitali za kwetu zinabaki na nani? Swali ni la haki. Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa kanuni za hapa waajiri hawaruhusiwi kwenda kuwashawishi wauguzi wa huko, ingawa mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Kenya ilitiliana saini na Uingereza makubaliano yake mwaka 2021. Simshauri yeyote aikimbie wodi yake. Nawaandikia waliokwisha kuwa hapa, wengine kwa hiari, wengine kama sisi bila hiari. Kati ya muuguzi aliyechoka anayetuma paundi mia kila mwezi na muuguzi bingwa anayeweza siku moja kwenda likizo akafundisha wenzake juu ya vidonda vya kisukari, najua yupi atakayeacha kitu kinachodumu.

Mama yangu alifariki mwaka 2022. Dawa zile zilizolipwa kwa zamu za ziada zilimpa muda, na sijutii senti moja. Ninachojutia ni kwamba sikuwahi kukaa na mke wangu tukauliza: hili ni la muda gani, na likiisha tunarudi wapi? Tuliliacha dharura liwe maisha.

Alhamisi ijayo mke wangu ana usaili wa daraja la 6, muuguzi wa kisukari, Jumatatu hadi Ijumaa. Akipata, kwa mwaka wa kwanza tutakuwa na fedha pungufu kidogo kuliko sasa, tumeshaandika tutakachopunguza. Akikosa, tangazo linarudi kwenye friji. Jana jioni simu yake iliita, alikuwa yule mama wa harusini. Hakuuliza habari za mtihani wala za kozi. Aliuliza kama anaweza kupita Jumamosi, aje na karatasi zake za zamani, azipigie mistari.